Nimepokea na Nimeridhika

Siku mliponiaga, vijana wa ofisini, mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu. Nikacheka, mkadhani nimekubali. Haya, nimekubali. Ila msitarajie habari za vyeo. Nilianza mpiga chapa nikaishia mpiga chapa mkuu, na tofauti niliyoiona ni kwamba kiti cha pili kilikuwa na mto. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa wengi wenu mlikulia Uganda kama wanangu, na mafaili ya Kiarabu mnayaangalia kwa jicho moja kama kuku anayemwangalia mwewe.

Taipu nilijifunza kwa masista, huko Uganda, miaka ile tulipokuwa wakimbizi. Baadaye nikafanya kazi katika ofisi ya kiwanda kimoja cha pamba. Hapo ndipo nilipopenda fomu. Najua mtacheka, lakini fomu nzuri ina raha yake: mistari imenyooka, nafasi zinatosha, kila jambo lina mahali pake. Mkimbizi hana mahali pake, kwa hiyo labda nilikuwa najifariji. Amani ilipopatikana nikarudi Juba na binti yangu kwa lori, kupitia Kaya na Yei. Yeye alikaa juu ya masufuria, mimi nikapakata taipureta yangu ndani ya blanketi. Mume wangu tulikuwa tumemzika Uganda.

Ofisi yenyewe ilikuwa upande wa Juba Na Bari, si mbali na mto, vyumba viwili chini ya bati. Siku ya kwanza nilionyeshwa meza. Kiti hakikuwepo. Nilipiga chapa nikiwa nimesimama hadi karibu na adhuhuri, ndipo mzee mmoja mwembamba akaingia na kreti tupu ya soda, akaipindua, akaweka gazeti juu yake na kunikaribisha kwa mkono. Huyo ndiye Mzee Kamilo, bashkatib wetu, yaani mkuu wa makarani. Yeye hakukimbia wakati wa vita. Alibaki Juba akitunza mafaili ya kila aliyetawala. Kiswahili alikipata kwa madereva wa malori ya Uganda, na ndivyo kilivyokuwa: kimejaa vumbi, lakini kinafika.

Alinifundisha mambo ambayo masista hawakuyajua. Faili husomwa kuanzia nyuma, kwa sababu uongo huwa umewekwa mbele. Miguu ya meza hukaa ndani ya makopo yenye mafuta ya taa, la sivyo mchwa watamaliza barua za gavana kabla hujazijibu. Karatasi ya kaboni haitupwi mpaka uishike kwenye mwanga wa dirisha na kuona upande wa pili kama chujio. Na la mwisho, alilolirudia mara nyingi hadi nikawa namkatiza:

"Mama Yunia, kama macho yako bado iliona, mkono yako iache kuandika khalas."

Alimaanisha kwamba usiandike kazi imekwisha kabla hujaiona kwa macho yako.

Kazi yetu mnaijua, lakini hamkuwepo ilipoanza. Baada ya amani, wazee wa vijiji vinavyozunguka mji waliitwa mkutanoni. Wengi walikuwa Wabari, wenye ardhi hii tuliyojengea ofisi zetu. Walikuwa wamewaona Waturuki, wamewaona Waingereza, wamewaona watu wa Khartoum, na sasa walikuwa wanatuona sisi tuliorudi na suti za Kampala. Waliambiwa: serikali hii ni yenu. Zahanati ikikosa dawa, mwalimu asipofika, kisima kikiharibika, leteni habari nasi tutajibu. Neno hilo "tutajibu" lilipigiwa makofi marefu. Ofisi yetu iliundwa kwa ajili ya neno hilo moja, ihakikishe kwamba idara husika imefanya kazi na kwamba mwananchi amekiri imefanyika.

Mwanzoni kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikwenda na barua ya kujibu, na mzee wa kijiji aliweka dole gumba kuonyesha kwamba barua imefika. Ya pili ilikaa kwa Mzee Kamilo. Huyo alipanda baiskeli na mwavuli wake, akaenda mpaka kwenye kisima chenyewe, akanywa maji yake, ndipo akatoa karatasi na sifongo ya wino palepale. Wakati mwingine alirudi na karatasi tupu, akaitumbukiza kwenye droo na kusema, "Bukra." Kesho. Kesho yake alikwenda tena.

Halafu karatasi ikaadimika. Malori yalikwama kwenye matope huko njiani, na kila robo mwaka tulitakiwa kupeleka taarifa. Mkurugenzi wetu, kijana aliyerudi kutoka Kampala kama mimi, msafi, mwenye haraka, akauliza ni nani anaweza kupunguza matumizi ya karatasi kwa nusu. Mimi nikainua mkono. Naomba mkumbuke hapo, kwa sababu hadithi yote inatoka kwenye mkono huo.

Kule kiwandani Uganda tulikuwa na fomu moja ya kupokea pamba na kuthibitisha ubora wake. Nikakata stensili kwa mfano huo. Juu nafasi ya jina la kijiji, katikati shida yenyewe na jibu letu, chini kabisa mstari mmoja kwa Kiingereza na Kiarabu: nimepokea na nimeridhika. Kando yake kisanduku cha dole gumba. Karatasi mbili zikawa moja. Nilipoitoa kwenye mashine ya kurudufu, wino bado unanukia, niliipenda kuliko nilivyoipenda nguo yangu ya harusi. Mkurugenzi akaiinua mbele ya wote na kusema, huu ndio utaalamu.

Mzee Kamilo aliishika muda mrefu. Kisha akaniambia polepole, ili wengine wasisikie, "Mama, karatasi hii nasema maneno mbili. Kidole iko moja."

Nikamjibu kwamba watu wataelezwa. Akauliza na nani. Nikasema na murasala, yule anayepeleka barua. Akakohoa kile kikohozi chake kilichokuwa badala ya kicheko, akaniwekea fomu mezani ikiwa imenyooka, kama mtu anayekurudishia mtoto wako. Msimu uliofuata macho yake yakafifia, akaacha kazi na kwenda kukaa nyumbani kwake Kator. Hapakuwa tena na mtu wa kunywa maji ya visima.

Murasala wetu alikuwa Lado, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, baiskeli yake ikiwa na kengele isiyolia. Sitaki mmfikirie vibaya. Alikuwa na sifa moja aliyojivunia: hajawahi kurudi na fomu isiyo na alama. Mvua ikinyesha alizifunga fomu kwenye nailoni na kuziweka chini ya shati, yeye akalowa. Kazi aliyopewa ilikuwa kuleta madole gumba, na aliyaleta yote.

Sasa nije kwenye Lomere.

Lomere kilikuwa kijiji kidogo cha Wabari, ng'ambo ya Gurei, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchimbiwa kisima cha bomba la mkono. Nilipiga chapa hotuba ya siku ile. Baada ya mwaka na kitu bomba likaanza kupiga hewa. Ndani yake kuna kikombe cha ngozi, kipana kama kiganja cha mtoto, na ndicho kinachovuta maji. Kikichakaa, unaweza kupampu hadi mabega yakuume na husikii ila mkoromo. Kikombe kipya kilikuwa stoo ya idara ya maji, pamoja na vyuma vya kuinulia bomba. Kijijini palikuwa na kibao kilichopigiliwa misumari: mali ya serikali, usiguse. Hawakugusa.

Aliyeleta habari alikuwa mwanamke aitwaye Kiden, mjane kama mimi, wa umri wangu. Alikaa kwenye benchi letu na chupa ya soda iliyojaa maji. Zamu yake ilipofika aliiweka juu ya meza yangu, kando ya taipureta. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukitulia uliona vidudu vidogo vikipanda na kushuka ndani yake. Aliniambia kwa Kibari, ambacho ni ndugu wa Kikakwa changu, kwamba karibu mwaka sasa wanachota kwenye dimbwi la korongo wanakonyweshea ng'ombe, na kwamba watu wameanza kutokwa na mnyoo.

Kwa wale mliokulia mjini: mnyoo huu mtu huumeza ukiwa hauonekani, kwenye maji ya namna hiyo. Karibu mwaka mzima huusikii. Kisha unatoboa ngozi ya mguu na kutoka, mweupe, mrefu kama uzi wa kushonea magunia. Hauvutwi, kwa sababu ukikatika mguu unaoza. Unazungushwa kwenye kijiti, kidogo leo, kidogo kesho, wiki kadhaa, na muda wote huo huwezi kutembea wala kulima.

Niliandika jibu siku hiyo hiyo. Malalamiko yenu yamepokelewa, idara husika imejulishwa, mtahudumiwa. Lado akapeleka. Fomu ikarudi na dole gumba la Mzee Wani, mkubwa wa kijiji, zuri, mistari yote ikionekana. Nikaandika kwenye daftari kubwa, safu ya mwisho: wameridhika. Sikufikiria hata mara moja. Mkono ulikwenda wenyewe.

Kiden akarudi baada ya mwezi, na chupa nyingine. Nikadhani idara ya maji imechelewa, nikampeleka mwenyewe kwa mtunza stoo wao, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akafungua nakala ya daftari letu, akapitisha kidole.

"Mafi, Mama. Hakuna," akasema. "Hapa daftari nasema watu ya Lomere nakunywa maji. Mimi iko natoa ngozi ya nini?"

Nikamwonyesha chupa. Akaitazama, akatazama daftari, akafunga daftari. Nikarudi kumwandikia Mkurugenzi dokezo, naye akaniagiza nipeleke barua nyingine ya kuwaomba wavumilie. Lado akaipeleka. Dole gumba likarudi. Wameridhika. Mara ya tatu Kiden alipokuja alikuwa anachechemea, amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mguu. Mara hii niliingia kwa Mkurugenzi bila kubisha. Alinisikiliza, hakuwa mtu wa kufoka, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Mama Yunia, mtu aliyeridhika mara mbili tukimwandika kwamba analalamika, taarifa yangu itasomekaje?" Barua ya tatu ikaenda. Dole gumba la tatu likarudi.

Taarifa ya robo mwaka ile ilisomwa kwenye ukumbi. Nilikuwa nimeketi nyuma. Vijiji vilitajwa kimoja kimoja, na kila kimoja kiliitikiwa na neno langu. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, nakiri.

Kiden hakuja tena. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, benchi likawa wazi. Mkurugenzi akapita siku moja, akalionyesha kwa kidevu. "Unaona?" akasema. "Wametulia."

Jumamosi iliyofuata nikamwambia Lado anipeleke Lomere. Tulinunua chumvi na sukari kwenye soko dogo la Gurei, tukaendelea kwa miguu, yeye akisukuma baiskeli. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha na kote njiani watu walikuwa mashambani. Tulipofika Lomere hapakuwa na mtu shambani. Udongo ulikuwa laini, mweusi, tayari, na magugu tu ndiyo yaliyokuwa yanaota.

Bomba lilisimama katikati ya kijiji, kibao chake kikiwa bado kinasomeka. Mzee Wani alikuwa ameketi mlangoni kwake, mguu mmoja umenyooshwa mbele juu ya kigogo. Kwenye shavu la mguu kulikuwa na kijiti, na kwenye kijiti uzi mweupe. Aliomba radhi kwamba hawezi kusimama kutupokea. Kiden alikuwa ndani, amelala chini, mnyoo mmoja kifundoni na mwingine gotini. Alijaribu kuinuka akashindwa, akageukia ukutani.

Niliuliza kwa nini hata wale wazima hawajalima. Ndipo nikaelewa jambo ambalo hakuna fomu iliyokuwa na nafasi yake. Mzee Wani ndiye aliyekuwa mlinzi wa ardhi ya pale, kama baba yake na babu yake. Kwa desturi yao hapandi mtu kabla yeye hajatembea shambani na kupiga jembe la kwanza. Na yeye hakuwa na mguu wa kutembelea. Walijaribu kumbeba, mnyoo mmoja ukakatika, mguu ukavimba, wakaacha. Mvua zilikuwa zinawapita.

Nikatoa mkobani zile fomu tatu, nikazitandaza juu ya mkeka mbele yake. Nikamuuliza, "Baba, hili ni dole gumba lako?"

"Ni langu."

"Na hili, na hili?"

"Yote ni yangu."

"Basi kwa nini uliliweka, na bomba halijatengenezwa?"

Alimtazama Lado, akanitazama mimi, kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo lililo wazi.

"Huyu ndugu yetu alikuja juani kutoka Juba," akasema. "Mgeni akifika kwako, unampa maji. Sisi maji ya kumpa mgeni hatuna. Tungempa yale ya korongoni augue? Tukamuuliza anataka nini. Akasema anataka kidole tu. Tukampa kidole."

Lado aligeuza uso akaanza kushughulika na kengele ya baiskeli. Mimi nililia. Mzee wa watu ndiye aliyenibembeleza, akisema mguu utapona, isiwe taabu. Nikamweleza kwamba fomu ile niliitengeneza mimi, kwamba mstari ule wa chini una maana mbili na mimi ndiye niliyeziunganisha, kwamba kwa dole lake amesema mara tatu kuwa anakunywa maji safi. Sijui alielewa kiasi gani. Aliwaza kidogo, kisha akauliza kama leo nami nimeleta karatasi.

Nikasema sikuleta.

"Basi leo," akasema, "sina cha kukupa."

Jumatatu nilipiga chapa dokezo refu kuliko yote niliyowahi kupiga, kwa kaboni mpya. Nilisema kosa ni langu, fomu igawanywe, na vijiji vyote vilivyoandikwa vimeridhika viendewe upya. Mkurugenzi alilisoma mara mbili. Akaniuliza ni vijiji vipi ambavyo nina hakika navyo. Nikamwambia hakuna hata kimoja. Hakuwa mtu mbaya, nasema tena. Alikuwa mtu mwenye watoto aliyesimama mbele ya ukumbi na kupigiwa makofi. Alilitia dokezo droo ya chini, akageuza ufunguo, na akaniomba nisimpigie chapa jingine kama hilo.

Nikaenda Kator kwa Mzee Kamilo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba nyuma ya nyumba yake, rozari mkononi, macho meupe. Nilimsimulia yote. Nilitegemea aniambie alinionya, na ningeshukuru angesema. Aliomba fomu, akaipapasa kwa kidole mpaka kwenye kile kisanduku cha chini, akakaa hapo.

"Lomere imekwisha shiba kwa karatasi," akasema hatimaye. "Huyo wewe hapana weza kufungua. Andika kijiji mpya."

Ndivyo nilivyofanya, baada ya miaka yote ile ya mistari iliyonyooka. Niliandika kwenye daftari kijiji kiitwacho Lomere ya Pili, ambacho hakipo popote duniani, kina bomba bovu na hakijawahi kuridhika. Niliomba kikombe kimoja cha ngozi na fundi wa kukiweka. Kwa kuwa kilikuwa kijiji kipya, kilianza mwisho wa foleni. Nilikisukuma kutoka meza hadi meza, nikabembeleza, nikadanganya, nikapeleka karanga kwa mtunza stoo. Mvua kubwa zikaja zikaisha. Kiangazi kikaingia. Ngozi ikatoka.

Fundi alikwenda na Lado. Walirudi kesho yake mchana. Fundi alipita moja kwa moja kwenda kwao. Lado akaingia, akaweka fomu mezani kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue ilikuwa tupu.

"Mama, zol mafi," akasema. Hakuna mtu.

Aliniambia walifungua bomba, wakaweka ngozi, na maji yakatoka meupe kama ya mvua. Alikunywa mwenyewe. Kisha akazunguka nyumba zote akipiga hodi, akiwa na sifongo ya wino mkononi. Nyumba zilikuwa wazi. Alimkuta mchungaji mmoja akipita na ng'ombe wake, akamweleza. Bila mavuno hawakuweza kukaa. Wengine walikwenda mtoni, wengine Gurei, wengine kwa ndugu mjini. Mzee Wani alikataa kuondoka, kwa kuwa mlinzi wa ardhi haiachi. Mguu ulimwoza, akafa, wakamzika pale kabla wa mwisho hawajaondoka. Lado aliyasema yote hayo akiwa amesimama, kisha akaniomba ruhusa ya kwenda kunawa mikono, ingawa haikuwa na wino.

Nikafungua daftari. Lomere: wameridhika, mara tatu. Lomere ya Pili: haijakamilika, kwa kukosa alama ya mpokeaji. Kazi pekee niliyokuwa na hakika kwamba imefanyika, ndiyo iliyoandikwa haikufanyika. Imebaki hivyo hadi leo. Mkitaka kuiona, ni daftari lenye jalada jekundu, na mchwa wameanza kona ya chini.

Kiden nilikutana naye mara moja. Alikuwa ameketi chini karibu na ukuta wa kanisa kuu huko Kator, mbele yake mafungu ya mboga za majani, mguu mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwingine. Nilichutama tukasalimiana vizuri. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia bomba la Lomere linatoa maji. Alipanga upya fungu moja la mboga.

"Nani anakunywa?" akauliza.

Mteja alikuwa amefika. Nilinunua mboga nikaenda zangu.

Mtauliza kuhusu fomu. Kila mwaka niliomba igawanywe. Mwaka mmoja niliambiwa hakuna karatasi. Mwaka uliofuata karatasi ilikuwepo, lakini fomu yangu ilikuwa imekwisha kupelekwa kiwanda cha chapa na kupigwa mabunda kwa mabunda, nayo haiwezi kutupwa. Kisha idara nyingine zikaiona na kuiomba, ikawa inatumika kwa dawa, kwa madawati, kwa majembe. Mnaitumia ninyi sasa hivi. Nimewaona mkiwa na haraka, mkimwelekeza mama wa watu kidole chake kwenye kile kisanduku bila kumsomea yaliyo juu. Sikuwafokea. Ningewafokea kwa uso gani?

Nilichotaka kuwaachia ni kile cha Mzee Kamilo, nendeni mkanywe maji yenyewe. Lakini najua hakuna baiskeli, na mwavuli wake umeliwa na panya, na Mkurugenzi mpya anataka taarifa yake kabla ya mwisho wa mwezi. Nawaandikia hata hivyo. Sina imani kubwa kwamba itasaidia.

Siku ile ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, nzuri sana, nami nawashukuru kutoka moyoni. Mmoja wenu, simtaji, alinisogelea kwa aibu akiwa na karatasi kwenye ubao wa kuandikia, akasema, samahani Mama, ni utaratibu tu wa stoo. Nikaitambua kabla sijavaa miwani. Jina: Mama Yunia. Kitu: saa moja. Na chini kabisa, mstari wangu mwenyewe, na kile kisanduku. Saa haikuwa na ufunguo wake, na bila huo haitembei. Mlisema mtauleta wiki ijayo. Bado sijauona. Lakini mlikuwa mmesimama wote mnanitazama, mmevaa vizuri, juani, chai ilikuwa inapoa, na nilikuwa sina kitu kingine cha kuwapa.

Niliweka kidole.